Ampuli ya vifaranga: tununue joto, si mwangaza



Juma hili tunajibu ulizo ambalo vikundi vitatu vimetuletea tangu mwezi wa tano uanze: ni ampuli gani inafaa kwa kupasha vifaranga joto? Kwa kulisikia ni ulizo dogo. Lakini katika kikundi chetu lilikula makuta ya miezi mitano, na kidogo tu livunje kikundi chenyewe. Kwa hiyo tutaanza na habari yetu sisi, hata kama inatupa haya kuiandika.

Mwaka uliopita, mwezi wa sita, hapa Lubumbashi, sisi wamama kumi na wawili tulikusanya feza za likelemba tukanunua vifaranga 50 vya siku moja, vilivyoletwa toka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alikubali viwekwe katika chumba chake cha nyuma, kwa sababu kwake umeme haukatiki sana. Tulitafuta kartoni kubwa, tukatandika maranda ya seremala, tukaweka maji na chakula. Halafu tukamtuma mmoja wetu sokoni kununua ampuli.

Alirudi na ampuli nzuri, nyeupe. Juu ya boksi yake paliandikwa 60 kwa maandishi makubwa. Muuzaji alikuwa amemwambia: « Mama, hii ni ya nguvu, na haikuli umeme. » Tulipoiwasha, chumba chote kiling'aa kama mchana. Tulifurahi, tukaimba, tukaenda kulala.

Asubuhi vifaranga 31 vilikuwa vimekufa, vimelaliana katika kona moja ya kartoni. Siku ya pili vingine 8 vilifuata. Tulibaki na 11.

Tulifanya nini? Tulitafuta mtu wa kubebesha lawama. Wengine walisema mjane aliacha mlango wazi. Wengine walisema alizima ampuli usiku ili kuchunga umeme wake. Kuna waliosema mambo mabaya kuliko hayo, na hatutayaandika hapa. Yeye aliapa, alilia, halafu alinyamaza. Majuma matatu hakufika kwenye mkutano.

Majuma hayo matatu yalipopita, tulikuwa tunafundisha watoto wa darasa la tano somo la umeme. Tuliwasha ampuli mbili mbele yao: moja ya zamani, ile yenye uzi mwembamba ndani unaowaka, na moja kama ile tuliyonunulia vifaranga. Tuliwaambia watoto walete mkono karibu, bila kugusa. Kwa ampuli ya zamani waliurudisha mkono haraka. Kwa ile nyingine mtoto mmoja aliushikilia mkono pale pale, akatuangalia, akasema: « Mwalimu, hii inaangaza lakini haina moto. »

Tulisimama pale mbele ya watoto bila neno. Tulikuwa tumemsikia mtoto wa miaka kumi akitueleza kwa nini vifaranga vyetu vilikufa.

Ampuli hazifanani

Ampuli ya zamani ya wati 60 inatumia karibu nguvu yake yote kutoa joto. Sehemu inayogeuka kuwa mwangaza ni ndogo sana, kama tano kwa mia. Kwa mtu anayetaka kusoma usiku, hiyo ni hasara. Kwa vifaranga, hiyo ndiyo faida yenyewe.

Ampuli mpya za LED, zile watu wanaziita ekonomike, zimetengenezwa ili kuponya hasara ile. Zinatoa mwangaza mwingi kwa nguvu kidogo. Angalieni vizuri boksi yake: mara nyingi imeandikwa « 9 W = 60 W ». Maana yake ni hii: ampuli hii inakula wati 9 tu, na inaangaza kama ile ya zamani ya wati 60. Lakini joto haliwezi kupita nguvu inayoingia. Wati 9 ni wati 9. Sisi tuliona 60, tukadhani tumenunua joto la 60. Ile alama ya « = » tunaifundisha watoto kila siku ubaoni, na sisi wenyewe hatukuisoma.

Hata neo na zile ampuli nyeupe zilizojikunja kama nyoka ziko upande wa LED. Ni za kuangazia nyumba. Kwa vifaranga tuziache.

Kwa nini ampuli za zamani zimekuwa ngumu kupatikana? Ni kwa sababu nchi nyingi zimeacha kuziuza. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuziondoa mwaka 2009 kwa zile za wati 100, wakamaliza mwaka 2012 kwa zile ndogo. Viwanda vikageukia LED, na ndizo tunazoziona kwa wingi sokoni. Lakini za zamani bado zinapatikana kwa wauzaji wa vyombo vya ujenzi. Ukifika, usiseme « nipe ampuli ya nguvu ». Sema: « Nipe ampuli ya uzi, ile inayochoma mkono. » Mwombe aiwashe, na uweke mkono karibu kwa muda wa kuhesabu mpaka 30. Mkono wako hautadanganywa na maandishi ya boksi.

Aina ya tatu ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa: ampuli ya infraruji. Ni kubwa, kichwa chake ni kipana kama bakuli, na mara nyingi ni nyekundu. Ziko za wati 150, za 175 na za 250. Inatupa joto lake chini, juu ya mgongo wa kifaranga. Ile nyekundu ina faida nyingine: katika mwangaza mwekundu vifaranga vinapunguza kudonoana, kwa sababu havioni vizuri damu ya mwenzao. Wauzaji wa chakula cha kuku na wa dawa za mifugo mara nyingi wanaijua.

Na ampuli ya kobe?

Mama mmoja alituuliza: mtoto wake aliye Ubelgiji alimtumia ampuli iliyonunuliwa katika duka la wanyama wa nyumbani, na juu ya boksi kuna picha ya kobe. Je, inafaa?

Tusicheke. Kule Ulaya kuna watu wanaofuga kobe ndani ya nyumba. Kobe hajitengenezei joto mwilini. Anahitaji jua la kuota. Kwa sababu jua la kule ni haba, wanamtundikia ampuli juu ya jiwe, naye anakwenda kuota pale na kuondoka akishiba joto. Kifaranga cha siku chache kiko karibu sawa na kobe huyo: mwili wake bado haujaweza kujichungia joto vizuri, na hana manyoya ya kumfunika.

Lakini katika duka lile ziko ampuli za namna mbili. Moja ni ya joto, na hiyo inaweza kutumika kwa vifaranga ukijua wati zake. Nyingine ni ya miale ya jua, imeandikwa UVB. Hiyo inasaidia kobe kutengeneza vitamini D ili gamba lake likomae, lakini nyingi za namna hiyo zinatoa joto kidogo sana. Ukiona UVB peke yake, usiitegemee kupasha vifaranga. Hata ile ya joto, angalia inavyotupa mwangaza: nyingi zinachoma fasi moja ndogo tu, kwa sababu kobe ni mmoja. Vifaranga 50 haviwezi kupangana wote chini ya duara la ukubwa wa sahani.

Jambo moja zaidi kwa ampuli zinazotoka mbali: kuna zile zilizopakwa ngozi nyembamba ili kioo kisipasuke vipande vipande. Ngozi hiyo mara nyingine ni tefloni, kitu kile kile cha sufuria zisizoshika chakula. Ikipata moto mkali inatoa hewa ambayo mtu hata haisikii, lakini inaua ndege na kuku kwa muda mfupi. Kama boksi inasema ampuli haipasuki, usiiweke kwa vifaranga.

Wati ngapi, na kwa urefu gani?

Juma la kwanza, vifaranga vinahitaji joto la digri 32 mpaka 35, pale pale vinapokanyaga. Juma la pili tunashuka kwenye 30 hivi, la tatu 27, la nne 24. Manyoya yakishajaa, digri 21 zinatosha. Sasa fikirini usiku wa mwezi wa sita au wa saba hapa kwetu, wakati mara nyingi joto la nje linashuka chini ya digri 10. Ampuli yetu ina kilima kirefu cha kupanda.

Kwa vifaranga 50 wakati wa baridi, tunashauri ampuli moja ya infraruji ya wati 250, au mbili za uzi za wati 100. Kwa vifaranga 15 au 20, mbili za wati 60 zinaweza kutosha katika chumba kisicho na upepo. Kwa nini tunapenda mbili kuliko moja? Kwa sababu ampuli inaungua bila kutoa habari. Moja ikiungua saa nane za usiku, ya pili inabaki kulinda roho mpaka kuche.

Ile ya infraruji ya wati 250 itundikwe mara ya kwanza kama sentimetre 45 mpaka 50 juu ya maranda. Zile za uzi zikae chini zaidi, kama sentimetre 30. Kila juma inua kamba kidogo, joto litapungua lenyewe. Kusogea kidogo kunafanya tofauti kubwa: umbali ukizidishwa mara mbili, joto linalofika chini linabaki kama robo tu.

Umeme ukiwa dhaifu, ile hali tunayoijua ambapo ampuli inakuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa, joto nalo linashuka sana. Ikiwa umeme wa volti 220 umefika 180, ampuli ya uzi inapoteza zaidi ya robo ya joto lake. Saa za jioni, wakati kila nyumba inapika, shusheni kamba kidogo.

Kipimajoto ni kitu cha kununua pamoja na ampuli. Msitumie kile cha kupima homa ya watoto, hicho kinaanza karibu na digri 35 na hakitasema kitu chini yake. Tafuteni kile cha kutundika ukutani, mkiweke chini, kwa urefu wa mgongo wa kifaranga. Na hili tunawaomba sana: washeni ampuli siku moja kabla ya vifaranga kufika. Usiku muamke, msome kipimajoto. Kama sisi tungefanya hivyo usiku mmoja tu, bila kifaranga hata kimoja ndani, tungeona digri 14 au 15, na ampuli ingerudi kwa muuzaji asubuhi.

Vifaranga vyenyewe vinasema

Kipimajoto kinaweza kuharibika. Vifaranga havidanganyi. Fungueni mlango polepole, muangalie kabla havijawaona.

Kama vimelaliana chini ya ampuli na vinalia kwa sauti kali isiyokoma, vinasikia baridi. Shusheni ampuli au muongeze nyingine.

Kama vimekimbia ampuli, vimekaa pembeni, mdomo wazi na mabawa yamefunguka, vinachomwa. Inueni.

Kama vyote vimejikusanya upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Tafuteni tundu lake mzibe, lakini musizibe hewa yote.

Kama vimetawanyika, hiki kinakula, kile kinakunywa, kingine kimelala amenyoosha shingo, na sauti ni ndogo ndogo kama wamama wanaopiga masimulizi jioni, basi ni vizuri. Nendeni mkalale.

Ndiyo sababu tunasema kartoni isipashwe yote sawasawa. Iwe na fasi ya joto chini ya ampuli na fasi ya baridi kidogo mbali nayo, kifaranga kichague chenyewe. Na pembe za kartoni zizungushwe kwa kipande cha kartoni ngumu, fasi iwe duara. Vifaranga vikisikia baridi vinasukumana kwenye kona, na vya chini vinakufa kwa kukosa hewa. Vyetu vingi vilikufa hivyo.

Moto usituchomee nyumba

Ampuli inayotoa joto la kutosha vifaranga inatoa joto la kutosha kuwasha maranda. Kwa hiyo:

Duyi, kile kishikio ampuli inamofungwa, iwe ya porseleni. Ile ya plastiki inalainika kwa joto, halafu ampuli inaanguka. Kabla ya kununua angalieni pia kama ampuli ni ya kuzungusha au ya miguu miwili, ili iingie katika duyi mliyo nayo. Msilazimishe kwa waya.

Ampuli isitundikwe kwa waya wake wa umeme. Itundikwe kwa cheni au kwa waya wa chuma, na iwe na kifungo cha pili kama cha kwanza kikikatika.

Maji ya vifaranga yakae mbali. Tone moja la maji baridi kwenye kioo cha moto linakipasua.

Waya usipite chini ya maranda, wala usiunganishwe na vyombo vingine vitano kwenye priza moja. Na watoto wadogo wasiingie chumbani peke yao, hata kama vifaranga vinawavuta sana.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo tunawaomba msome polepole, kwa sababu hapa si kuku tu wanaoweza kufa.

Delestaji ikija usiku, wazo la kwanza la kila mama ni mbabula. Anawasha makala, anaingiza mbabula chumbani, anafunga mlango ili joto lisitoke. Kama ni usiku wa baridi, hata watoto wanakuja kulala pale pale. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haina moshi wa kukufanya ukohoe. Hata makala mekundu yaliyokwisha kutoa moshi yanaitoa. Mtu anasikia kichwa kinauma, usingizi unamshika, na haamki. Wamama, hakuna kifaranga chenye bei ya mtoto. Mbabula isiingie katika chumba kilichofungwa ambamo mtu analala.

Tufanye nini basi? Mbabula ifanye kazi yake nje. Tupashe maji juu yake, tuyajaze katika bidoni mbili au tatu za litre tano, tuzifunge vizuri, tuzizungushie gunia au kitambaa kizito, tuziweke katikati ya kartoni. Vifaranga vitakuja kujibandika kama kwa mama yao. Juu ya kartoni tufunike blanketi nyepesi, tuache sehemu wazi kwa hewa. Fasi ya vifaranga tuipunguze, ili joto lao wenyewe liwasaidiane. Maji yakipoa, tubadilishe. Ndiyo, ni kazi ya kuamka usiku, na ndiyo maana kikundi kinagawana zamu. Mama mmoja asiachiwe peke yake.

Na yule mwenye vifaranga kumi au kumi na viwili tu, aulize kama kuna jirani mwenye kuku wa kienyeji anayelalia. Ukiviweka chini yake usiku, kuku huyo mara nyingi anavipokea. Bawa lake halijui delestaji.

Tupige hesabu kabla ya kununua

Ampuli ya wati 250 ikiwaka mchana na usiku inakula kilowati-saa 6 kwa siku. Kwa majuma matatu ni 126. Mbili za wati 100 zinakula 4.8 kwa siku, karibu 101 kwa majuma matatu. Zidisheni na bei mnayolipa, muweke feza hiyo pembeni pamoja na ya chakula. Vikundi vingi vinahesabu vifaranga na chakula, halafu umeme unawashangaza mwishoni, na faida inakwenda pale.

Kuna njia ya kupunguza hesabu hiyo: kalenda. Sisi tulinunua mwezi wa sita kwa sababu feza ilikuwa tayari mwezi wa sita. Hatukuuliza hewa. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja hapa kwetu jua linasaidia, mchana ampuli inaweza hata kuzimwa, na kazi yake inabaki ya usiku. Tena kuku wa nyama anahitaji majuma sita au saba hivi. Vifaranga vinavyoingia mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja vinafika sokoni wakati wa Noeli na Bonane, wakati kila nyumba inatafuta kuku.

Kwa mwenzetu

Tumalizie pale tulipoanzia. Siku ile ya darasani, jioni, tuliita mkutano. Tuliweka ampuli mbili mezani, kila mama akaleta mkono. Hakuna aliyehitaji maelezo marefu.

Kesho yake tulikwenda sisi kumi na mmoja kwa yule mjane, tukabeba sukari, sabuni na kitenge. Tulipiga magoti, tukaomba msamaha. Alitupokea, akatuketisha, akachukua muda kabla ya kusema. Halafu alituambia sisi tunaoandika ukurasa huu: « Yaya, usiku ule nilikuja kugonga kwenu. Niliwaambia vinalia sana. Mlinijibu vifaranga vyote vinalia, nirudi nikalale. »

Ilikuwa kweli. Alikuja saa nne za usiku. Yeye hakujua wati wala infraruji, lakini alikuwa amevisikia vifaranga, na alikuja kutafuta msaada. Sisi wenye diploma tulimrudisha nyumbani. Tulikuwa tumesahau hata kugonga kwake, mpaka alipotukumbusha.

Leo vifaranga vya kikundi vinalelewa kwake tena, kwa sababu yeye mwenyewe alikubali. Mwezi wa kumi na moja tulianza na 40, kwa ampuli mbili za uzi na kipimajoto. Tulipoteza 2. Na tuliweka sheria moja katika daftari la kikundi: anayelinda vifaranga akija kugonga usiku, saa yoyote, tunaamka na kwenda kuona naye.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kilete ampuli zake kwenye mkutano, mzijaribu kwa mkono kama watoto wa darasa la tano, muandike kwenye daftari ni ipi ya kuangazia na ni ipi ya kupasha joto. Na kama katika kikundi chenu kuna mtu aliyebebeshwa kosa ambalo hamkulichunguza, msingoje ampuli iwafundishe.

Mbaki na amani. Juma lijalo tutaongea juu ya maji ya vifaranga, na namna ya kuyachunga yasichafuke.